Maneno Yako Nitayafikisha

Karakana, 6 Februari

Mdogo wangu Chiriku,

Usishtuke kuona mwandiko wangu, hakuna aliyekufa. Mimi mzima, wifi yako mzima, ila gundi imepanda bei na yeye hasira zimempanda, kwa hiyo nyumbani naingia kwa kunyata. Ningekupigia simu, lakini mimi na wewe tangu msiba wa Baba hatujawahi kuongea kwenye simu bila mmoja kumkatia mwenzake. Kwenye karatasi angalau utanisikiliza mpaka mwisho.

Wifi yako amekuona gazetini. Umekaa kwenye meza ndefu na wazee wenye tai, na chini wameandika kwamba wewe ni daktari bingwa wa kifua na mjumbe wa kamati ya kuamua habari za sigara za umeme. Gazeti lile nimemwonyesha kila mteja. Mmoja kaja kubadilisha kitambaa cha kochi, kaondoka anajua mpaka mwaka ulioacha kukojoa kitandani.

Basi shida yangu ni kamati hiyo hiyo. Wewe unajua nilikotoka. Sigara nilianza kwa kumwashia Baba zake, nikavuta miaka thelathini, nikamzika yeye na kifua chake, na nikatoka makaburini nikawasha nyingine. Ulinisema, ukalia, ukaniletea picha za mapafu meusi, nikazibandika karakana kuziba ufa. Kilichoniondoa kwenye sigara si picha zako, samahani. Ni hii sigara ya umeme, sisi huku tunaiita vepu. Kinyozi wa jirani alinipa nijaribu, kesho yake nikanunua yangu ya mnanaa, na huu ni mwaka wa pili sijagusa sigara. Kile kikohozi cha asubuhi kimekwisha. Wifi yako ananisogelea tena, mengine usiulize.

Na kwa kazi yangu ndiyo usiseme. Fundi makochi anajaza misumari midogo mdomoni, anaisukuma kwa ulimi mmoja mmoja, anaipokea na nyundo. Mdomo uliozoea kubeba kitu haukubali kukaa bure. Zamani, kwa sababu ya sponji na gundi, nikitaka kuvuta lazima nitoke nikasimame kando ya mtaro, na kazi imelala. Sasa vepu inaning'inia shingoni, navuta mara mbili, narudisha misumari, maisha yanaendelea. Wee, mimi naamka nayo, nalala nayo, na wakija kuninyang'anya nitalia barabarani kama mtoto aliyeachishwa ziwa! Wifi yako anasema ingejua kupika ningeshaioa.

Ombi langu ni hili. Wafungieni watoto, na hapo mimi ni wa kwanza kushika bakora. Lakini mtu mzima ambaye sigara imeshamharibu, mwacheni aende duka la dawa, aonyeshe kitambulisho, hata mkitaka aandikiwe na daktari. Nataka kuiandikia kamati yenu. Nipe anwani, na lugha uninyooshee, maana mimi nikiandika serikalini naonekana kama naomba msamaha.

Kaka yako,
Fundi


Hospitali, 15 Februari

Kaka, shikamoo.

Nimecheka mpaka nesi akaja kuchungulia kama niko salama. Hilo la kitandani nitakushtaki.

Nimefurahi kwamba sigara umeziacha. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Lakini kuhusu kuiandikia kamati, naomba usiandike. Mwenyekiti wetu ni mtu wa kutafuta sababu. Akiona barua ya kaka yangu, au ya watu wa mtaa wa kaka yangu, atasema nimejaza ndugu na jamaa, na siku hiyo hiyo nitatolewa. Maneno yako nitayafikisha mwenyewe, tena yatakuwa na uzito kuliko karatasi iliyotupwa kwenye boksi la maoni. Niamini.

Ila na mimi nisikilize. Wodini kwangu kuna binti wa sekondari. Hawezi kulala chali, analala ameketi, anashika ukingo wa kitanda kana kwamba mtu atamsukuma. Kwenye mkoba wake wa shule zilikutwa vepu tatu zenye harufu ya pipi. Mama yake aliniuliza swali moja tu: nani aliyeruhusu vitu hivi? Mimi na shahada zangu zote nikabaki nimeinamia faili.

Kilichomo ndani ya hicho kidude chako hukijui, Kaka. Anayekuuzia hakijui. Mimi mwenyewe sikijui chote. Ungepunguza kidogo kidogo ukaacha na hicho, ningelala usingizi mzuri.

Msalimie wifi. Mwambie hasira hazipunguzi bei ya gundi.

Mdogo wako,
Chiriku


Karakana, 24 Februari

Chiriku,

Marahaba, mheshimiwa mjumbe.

Yule binti amenikaa kichwani. Mpe mama yake pole. Aliyemuuzia angekuwa mtaani kwetu tungemtoa na meza yake.

Haya, nimekusikia, siandiki. Lakini ujue kwamba haikuwa barua yangu peke yangu. Kinyozi alikuwa ameandika ya kwake, mlinzi wa ghala ameandika, na yule mwalimu mstaafu wa nyumba ya kona alishazinakili zote kwa mwandiko wake wa ubaoni. Wote ni wavutaji wa zamani, wote vepu imewatoa huko. Nikawaambia, zichaneni, mimi nina mtu pale mezani.

Kinyozi alinibishia. Akasema ndugu wa mkubwa ndiye wa kwanza kusahauliwa. Nikamwambia wewe humjui Chiriku, huyo akiahidi kitu hata umfungie chumbani atapitia dirishani akitimize. Basi tukazichana, zikawashia jiko la chai.

Kwa hiyo sasa sote tunakutegemea wewe. Sema vizuri.

Kaka yako,
Fundi


Karakana, 19 Aprili

Daktari,

Shikamoo yako safari hii usiitume, sitaiitikia.

Jana nilikuwa kazini, Kinyozi amekuja kusubiri mteja wake kwangu, redio imefunguliwa. Wakatangaza: sigara za umeme zimepigwa marufuku zote, kwa mkubwa na mdogo, kuanzia Juni. Nikasema labda ni makosa ya mtangazaji. Halafu wakakuleta wewe. Sauti yako nzuri kweli, umetulia, hata kikohozi huna.

Ukasema, na ninayaandika kama nilivyoyasikia: "Namfahamu mtu mzima, ana zaidi ya miaka hamsini, ameandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba anaamka nayo, analala nayo, na akinyang'anywa atalia kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Huu ndio utumwa tunaouzungumzia."

Ukaishia hapo. Kwamba mtu mzima huyo ni mwaka wa pili hajavuta sigara, hukusema. Kwamba aliomba duka la dawa na kitambulisho, hukusema. Ulichukua utani wangu, utani wa kaka kwa mdogo wake, ukaukata mkia ukawapelekea watu wenye tai.

Kinyozi ananijua kwa maneno. Alinitambua kabla mimi sijajitambua. Hakunitukana, afadhali angenitukana. Alisema tu, "Kumbe kweli dada yako alitufikishia," akanyanyuka akaenda zake. Mlinzi wa ghala ameanza kupitia barabara ya nyuma ili asinione. Mimi ndiye niliyewaambia wachane barua zao. Wewe ndiye uliyekataza barua, hata za watu wa mtaa.

Na sigara? Duka la mbele yangu sigara zimepangwa kaunta pamoja na biskuti, mtoto akitumwa anauziwa mbili mbili. Hizo kamati yenu haikuziona? Au hizo zina wenyewe?

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nadhani wanasema habari za chawa.

Fundi


Hospitali, 27 Aprili

Kaka,

Shikamoo hata kama huitaki. Nimelelewa hivyo, na uliyenilea nusu ni wewe.

Nilikosa kuutumia utani wako. Nilijua ni utani, na nilijua utasikia. Hilo sina la kujitetea. Lakini mengine nisikilize kwanza, ndipo unitukane.

Kamati iligawanyika katikati. Nusu walitaka marufuku, nusu walitaka hiyo njia yako ya duka la dawa. Mwenyekiti akageuka kwangu akasema, daktari wa kifua ndiye atakayetuongoza. Barua yako ilikuwa mbele yangu, yote, kurasa zote. Nyuma walikuwa wamekaa wafanyabiashara wa vitu hivyo, wamevaa vizuri, wana mabango yao tayari. Ningesema kwamba vepu imemtoa kaka yangu kwenye sigara, kesho yake wangeliandika neno hilo kwenye kila ukuta: daktari bingwa asema ni dawa. Na hiyo dawa ingeuzwa kwenye geti la shule. Ningekufungulia mlango wewe, Kaka, na nyuma yako wangepita watoto ambao mimi ndiye ninayewapokea.

Yule binti tumemrudisha kwao wiki iliyopita na mtungi wa oksijeni. Ana miaka kumi na sita. Hawezi kupanda ngazi za nyumbani kwao, wamemtandikia sebuleni.

Wewe una akili zako na una nguvu. Uliacha sigara, na hiki utakiacha. Kama lazima mmoja alie, nilichagua alie mtu mzima. Ningeulizwa tena leo ningejibu vile vile, ila jina lako, hata bila kulitaja, nisingeligusa.

Sigara nazo zitafuata. Nipe muda tu.

Mdogo wako


Karakana, 10 Juni

Daktari,

Sheria imeanza. Vepu nimetupa jalalani. Sigara sijazirudia. Nimeacha vyote.

Umeshinda, hongera. Sasa habari za mapafu usiniandikie tena.

Wifi yako anakusalimu.

Fundi


Hospitali, 20 Juni

Kaka yangu,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo!

Nimeisoma barua yako nimesimama kwenye korido, watu wananipita. Umeacha vyote! Nililia, wala sioni haya kusema. Nilikuwa na hofu ambayo sikuthubutu kukuandikia. Hata hasira zako nimezipokea kwa mikono miwili, ziendelee tu, maana mtu mwenye hasira namna hiyo ana pumzi.

Najua hutapenda, lakini nikufiche nini tena. Jana tulikuwa na mkutano wa madaktari wa mikoa, mmoja akasimama akasema marufuku hii itawarudisha wavutaji kwenye sigara. Nikamjibu kwamba namfahamu fundi mmoja, alivuta miaka thelathini, na ameacha vyote viwili wiki ile ile sheria ilipoanza. Akakaa chini. Sikukutaja, lakini moyoni nilijivuna.

Baba angekuona.

Mdogo wako,
Chiriku


Karakana, 2 Agosti

Wifi yangu,

Kaka yako amekwenda kupeleka kochi kwa mteja, ndiyo maana nimepata nafasi ya kukuandikia. Kwanza zile salamu alizokuandikia kwamba zimetoka kwangu, hazikutoka kwangu. Nilikuwa nimekununia.

Kaka yako anavuta. Hakuacha chochote. Wiki ile ile sheria ilipoanza alitoka akaenda duka la mbele, akarudi na pakiti, akasimama kando ya mtaro kama zamani. Siku za mwanzo alikuwa anajificha, anakula pipi, anadhani mimi sina pua. Sasa hajifichi tena. Anavuta kuliko alivyokuwa anavuta kabla. Mto unanuka, shuka zinanuka, vitambaa vya wateja nikivishona nasikia harufu. Kinyozi naye karudi kwenye sigara, mlinzi naye karudi. Wanasimama pale pale mtaroni wote watatu na hawasalimiani.

Anakohoa, wifi. Si kile kikohozi cha asubuhi unachokijua. Anapoinama kugongea, kinamshika. Juzi misumari yote ilimtoka mdomoni ikatawanyika sakafuni, mmoja nusura aumeze. Suruali anafunga mkanda kwenye tundu alilolitoboa mwenyewe. Nikimwambia twende hospitali anasema hospitali ni ya dada yangu.

Nilimuuliza, kwa nini ulimwandikia uongo? Akasema, sitaki aje kunihurumia. Basi ikaja ile barua yako ya furaha, ile ya kumtolea mfano kwa madaktari. Aliisoma amesimama mlangoni. Akaikunja, akaiweka mfukoni, akatoka kwenda kuvuta. Mimi nikabaki na cherehani yangu nalia, sijui namlilia yeye au wewe.

Nyie watoto wa mzee yule mmefanana kama shilingi kwa ya pili. Kila mmoja anataka kushinda, na mimi ndiye ninayelala na kikohozi. Kifua cha baba mkwe nilikiuguza mimi, wewe ulikuwa masomoni. Ndoo nilishika mimi. Sitaki kuishika tena.

Sasa mimi mambo ya sheria siyajui na sitaki kuyajua. Ninachotaka ni kile kidude kirudi shingoni kwake. Huku hakipatikani, kila ninayemuuliza ananitazama kama nimetumwa na polisi. Wewe unajua vinakopita. Kitafute, wifi. Ulikiondoa wewe, kirudishe wewe.

Wifi yako


Hospitali, 14 Agosti

Wifi,

Nimekipata.

Sikumtuma mtu, nilikwenda mwenyewe. Nilivua beji, nikajitanda mtandio, nikaingia kwenye vile vibanda vya chini ya ngazi wanakouza makava ya simu. Mwanamke mmoja ndiye anavyo, anavificha kwenye boksi la chaja mbovu. Alinipima kwa macho, akaniuliza, "Wewe si yule daktari wa kwenye redio?" Nikamwambia tunafanana. Akacheka, akanifungia kwenye gazeti.

Kimo ndani ya boksi hili la majani ya chai, na vichupa vyake vya mnanaa, ule anaoupenda. Mwambie umekipata kwa mtu wa sokoni. Mimi usinitaje kabisa. Akikaa nacho wiki mbili tatu akaacha sigara, tutatafuta njia ya kumleta apigwe picha ya kifua, hata kama ni kwa kumdanganya.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Pale uliposema ndoo ulishika wewe, ni kweli, na sikuwahi kukushukuru.

Ukimaliza kusoma hii, ichane.

Wifi yako


Karakana, 23 Agosti

Daktari,

Kifurushi chako hiki nakirudisha kama kilivyokuja, majani ya chai tu ndiyo tumekunywa.

Wifi yako hajui kudanganya, na wewe unajua hajui. Nilimuuliza mara moja, umekipata wapi? Akaanza kukunja kitambaa ambacho kilishakunjwa. Barua yako hakuichana, alinipa.

Nianze na langu. Nilikuandikia nimeacha, na nilikuwa navuta hata wakati kalamu iko mkononi. Nilitaka ufurahi kwa uongo siku moja, kisha ujue. Ulipofurahi sikupata raha niliyoitegemea. Hilo nimekwambia, limekwisha.

Sasa lako. Nilikishika hicho kidude, nikakinusa, ule mnanaa ukanipanda mpaka machoni. Ungeniona ungenicheka. Nilikuwa nimeshakiweka mdomoni. Halafu nikachungulia nje, nikawaona Kinyozi na mlinzi wa ghala wako pale mtaroni, kila mtu na sigara yake. Mimi ndiye niliyewachania barua. Leo nikae mlangoni navuta mnanaa, wao wanavuta moshi, kwa sababu wao hawana dada kwenye kamati?

Nchi nzima umeifungia, wa kwako ukamtafutia chini ya ngazi. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Wangapi wamerudi kwenye sigara, Daktari, ambao hakuna mtu wa kuwavulia beji? Umewahesabu? Yule binti na mama yake wananiuma, sikatai. Lakini na sisi tunakufa, ila polepole, na hatuna sura nzuri ya kutolea mfano.

Nisikilize sasa. Sikuombi ubadilishe sheria, huwezi. Nakuomba kitu kimoja. Kikao chenu kikikaa, kitoe hiki uweke mezani mbele ya wale wazee, useme: hiki nimemtafutia kaka yangu kwa magendo, kwa sababu bila hiki amerudi kwenye sigara na kifua kimembana. Sema hivyo tu, na ukae. Wakitaka kukusikia wakusikie, wasipotaka basi.

Siku utakayosema, siku hiyo hiyo napanda basi nakuja kwako. Utanipiga picha mbele na nyuma, utanilaza utakapo, utanipa dawa chungu utakazo, sitakubishia. Na nikija nitakuita Chiriku.

Usiposema, tusiandikiane.

Kaka yako,
Fundi


Hospitali, 30 Septemba

Kaka,

Shikamoo.

Kikao kilikuwa Alhamisi. Kile kitu nilikuwa nacho kwenye mkoba, nimekifunga na leso, mkoba niliupakata kikao kizima. Asubuhi nilijifunza maneno yako mbele ya kioo. Nilikuwa nayasema vizuri.

Mwenyekiti alifungua kwa kunisifu. Akasema kuna idara mpya ya kusimamia marufuku na wamependekeza niiongoze. Hilo, Kaka, haki ya nani, nisingelijali. Lakini walikuwa wamemwalika mama yake yule binti. Binti hatarudi shule tena, wamekwisha kuambiwa. Mama yake alisimama na kitambaa chake mkononi, akasema anamshukuru daktari kwa sababu angalau watoto wa wenzake watapona. Akaja mpaka nilipokaa akanishika mikono yote miwili. Mkoba ulikuwa katikati yetu.

Halafu mwenyekiti akauliza, kuna mwenye jambo jingine? Akanitazama mimi. Nikasema sina.

Ningeweza kukuandikia kwamba nilisema. Usingejua, vikao vyetu havitangazwi, na ungepanda basi. Nimekaa siku tatu na wazo hilo. Nimeona nikikuongopea tena sitakuwa na kaka hata ukija.

Njoo hivyo hivyo. Nakuomba kwa jina la Baba, nakuomba kwa lolote unalolitaka. Njoo unitukane mbele ya manesi wangu. Nitakupokea getini mwenyewe, hutapanga foleni, hutaulizwa kitu. Acha nikusikilize kifua, kisha unichukie unavyotaka.

Mdogo wako,
Chiriku


Karakana, 11 Oktoba

Daktari,

Barua yako nimeipata. Ahsante kwa kutonidanganya. Kwa hilo umenizidi.

Picha ya kifua nimepiga wiki iliyopita, hospitali nyingine, wifi yako alinisindikiza. Majibu ninayo. Daktari wa huko ni kijana mpole, alinieleza taratibu, hakunigombeza hata kidogo. Mwishoni aliniuliza kama kwenye familia kuna mtu yeyote anayejua mambo ya kifua, ili waongee, wasaidiane la kufanya.

Nikasema sina.

Fundi makochi